Masale Yaliyochanua Mekundu

Umewahi kusogeza mpaka wa jirani? Usinijibu, nisikilize tu. Kule mlimani mpaka wa shamba ni masale, mimea ya kijani. Ukimpelekea mtu jani la sale lililofungwa fundo, umemwomba msamaha, naye hana ruhusa ya kukataa.

Mume wa Aikande aliokotwa mferejini amekufa. Baada ya matanga, masale yalikuwa yameingia hatua tatu shambani mwa mjane, meusi kama masizi, yamechanua maua mekundu.

“Mapambo hayo, shemeji,” alisema Ngasalema, mdogo wa marehemu, aliyepakana nao shamba. “Mjini watu wananunua.”

Lakini aliyakata, yakachanua. Akayachoma, yakachanua. Akayang’oa, yakachanua mlangoni kwake. Ndipo akamwendea Aikande na jani lenye fundo.

“Nisamehe, shemeji.”

“Kwa lipi?”

“Mambo ya kibinadamu.”

Jani likawa jeusi mkononi mwake.

“Kwa lipi, Ngasalema?”

“Nilisogeza mpaka.”

Jani likatoa ua jekundu.

“Kukataa siwezi,” alisema Aikande. “Basi nijue ninasamehe nini.”

Ngasalema akakaa chini. “Kaka alinikuta nang’oa masale,” akasema. “Nikamsukuma mferejini, nikamkalia mpaka akatulia.”