Cha Bure ni Bure

Hapo juzi tu, Korogwe, palikuwa na tajiri wa vifaa vya ujenzi, Mzee Shekiondo. Fundi wake wa kompyuta, Mwanakombo, aliposhauri seva, kompyuta kuu ya maduka yote, iendeshwe kwa mfumo wa bure, mzee alimtazama kama aliyetukaniwa mama.

"Cha bure ni bure, binti. Shemeji yangu Hizza anauza wenye leseni. Weka huo, ama ufungashe virago."

"Nitaweka seva mbili, mzee, uone tofauti kwa macho yako."

Ya kushoto akaibandika karatasi iliyoandikwa BURE, ya kulia LESENI.

Baada ya wiki mbili mzee aliwakusanya wafanyakazi, na Hizza akamwalika. "Ya kulia inakimbia kama swala," alisema. "Ya kushoto inaburuta miguu."

"Mali yangu naijua hata gizani," Hizza akadakia.

Mwanakombo akainama, akatoa chini ya meza boksi la mfumo alilouza Hizza. Nailoni yake ilikuwa haijachanwa.

"Mali yako hii hapa, Bwana Hizza. Seva zote mbili zinaendeshwa na mfumo wa bure. Nilichotofautisha ni karatasi tu."

Kisha akaibandua karatasi ya kushoto taratibu, akamgeukia tajiri.

"Na hii ya BURE, mzee, nimbandike nani?"