Jiko la Nakiete

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Katika nchi moja ya milima na ukungu waliishi watumishi watatu wa umma. Kitojo alipuliza baragumu, na sauti yake ilimfikisha nyumbani kila aliyepotea njia. Mbonea alifunga kamba za daraja la bondeni, na fundo lake halikulegea. Nakiete alikuwa mkunga, na mikono yake ilijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni.

Siku moja Mtawala akatamani lango jipya la ikulu. Akaweka kodi ya moshi: kila jiko linalofuka litozwe, sawasawa kwa nyumba ya watu kumi na nyumba ya mtu mmoja. Haikutosha. Akatangaza kubana matumizi, na wale watatu wakaachishwa kazi.

Watu nao wakajibana. Ndugu wakapika jiko moja, mashemeji wakahamia kwa mashemeji. Nakiete hakuwa na ndugu wala mtoto. Alikuwa amezalisha kijiji kizima, lakini hakuna aliyemwambia, "Shangazi, njoo tupike pamoja." Akazima moto wake, akawa anakula ndizi mbivu na maji ya mtungini. Jioni alikaa mbele ya mafiga baridi kwa mazoea tu. Upweke ulimuuma kuliko njaa.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito. Senyaeli, mke wa mtoza kodi, alikuwa akirudi kutoka shambani ng'ambo ya bonde, uchungu ukamkamata njiani.

Kitojo alisikia kilio chake. Hakuna aliyemlipa tena, lakini alipuliza baragumu mpaka midomo ikapasuka, na Senyaeli akaifuata sauti hadi darajani.

Daraja lilikuwa limeachia upande mmoja. Mbonea akakimbia nyumbani, akafumua kamba za kitanda chake mwenyewe, akalifunga.

"Nikanyage wapi, kaka?"

"Hapohapo ninapokanyaga mimi, mama. Usitazame chini."

Ng'ambo, Nakiete akampokea nyumbani kwake. Mtoto amekaa vibaya, mama anatetemeka kwa baridi. Mkunga akawasha moto, akijua fika kwamba moshi utaonekana, kisha akamgeuza mtoto polepole mpaka akazaliwa salama.

Moshi ule ulimleta mtoza kodi. Alikuja kudai, akamkuta mkewe amempakata mwanawe. Akaenda mbio kumsihi Mtawala awarudishe kazini wale watatu.

"Hazina inaruhusu nafasi moja tu," Mtawala akajibu. "Atakayeipata atalipwa mshahara, na jiko lake halitatozwa. Wachaguane wenyewe kabla jua halijazama."

Wawili watakaokosa hawakuwa na la kufanya ila kushuka tambarare kutafuta vibarua. Basi wakakaa kwa Nakiete, wakauzunguka moto uleule.

"Bila baragumu asingefika darajani," Kitojo akasema.

"Bila daraja asingefika hapa," Mbonea akasema. "Na wewe, dada?"

Nakiete akachochea kuni. Alijua kwamba bila yeye yangekuwa maziko mawili. Lakini tangu kodi ile ije, hakuna aliyekuwa amekaa jikoni kwake, na alitamani wabishane mpaka kesho.

"Ngojeni kwanza viazi viive," akasema.

Jua linashuka, jamani. Ukimpa Kitojo au Mbonea, Nakiete anaondoka uzeeni, peke yake. Ukimpa Nakiete, atakuwa na moto halali na hana wa kuota naye. Nafasi ni moja, kasema mwenye lango. Je, wewe ungempa nani?