Ngano ya Tatu ya Mwanakheri

Njooni mkae, na wa mwisho afunge mlango.

Palikuwa na Mwanakheri, aliyeachiwa na bibi yake ngano tatu azitie kitabuni. Kila alasiri alichonga kalamu ya tete, akakoroga wino wa masizi, akalipamba jina la kitabu kwa maua. Kisha akasema, "Nitaanza kesho."

Siku ya kwanza sauti nzito ikajibu kutoka kichakani, "Basi mimi nakula leo." Ngano moja ikamtoka kichwani, asiikumbuke tena. Siku ya pili akasema vilevile, sauti ikajibu uani, na ngano ya pili ikaenda. Siku ya tatu aliona kucha ndefu zikipenya chini ya mlango.

"Sema," zimwi likambembeleza. "Sema kesho, mwanangu."

Mwanakheri hakusema. Kalamu ilikuwa bado butu, wino bado majimaji. Akaandika hivyo hivyo, mistari ikapindapinda. Zimwi likaguna, likarudisha kucha, moja moja.

Kitabu kile kina ngano moja tu. Na wewe unayejikunyata hapo, chako ulisema utaanza lini? Usijibu! Sikiliza kwanza mlangoni.