Nani Aipe Jina Kata Mpya

Sogeeni, mlio karibu na mlio mlangoni, niwape jambo la kuwasumbua.

Katika kitongoji kimoja cha milimani waliishi watu watatu. Mzee Mbonea aliijua ardhi. Hata ungemfumba macho, angekuambia amekanyaga shamba la nani. Mwalimu Eliakunda alijua hesabu. Namsifu, mjane, alijua kusubiri, kwani tangu mumewe afariki moyo wake haukuwa na kazi nyingine.

Mume huyo, Elisante, alichukuliwa na mto akienda kupiga kura. Mipaka ya zamani iliwatia watu wa kitongoji kwenye kata ya ng'ambo ya mto, na diwani wa huko hakuwahi kuvuka kuja kwao. Basi tume ya serikali ilipotangaza kuchora mipaka upya, wote watatu waliinuka ili wapate kata yao.

Mzee Mbonea aliwatembeza wapimaji siku nne. Akawaonyesha masale, mimea ambayo babu zao waliipanda kuwa mpaka, na mahali watu wanapoteka maji na kusali. Ramani ikafuata miguu yake.

Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba. Tume ilitaka watu elfu tatu, na daftari la zamani lilikuwa na elfu mbili tu. Yeye akapata elfu tatu na kumi na wawili, kila mmoja kwa jina lake.

Lakini jalada la maombi yao lilipofika mjini, likalaliwa na mengine. Namsifu akaenda, akakaa kwenye benchi la ofisi na Biblia yake.

"Mama, njoo wiki ijayo," alisema karani.

"Wiki ijayo utanikuta hapa hapa, baba."

Siku ya kumi maofisa walilisoma jalada, ili tu aondoke.

Kata ikapatikana. Ofisa akaja na fomu, imejazwa yote isipokuwa jina. "Msipokubaliana kabla sijaondoka, tume itachagua yenyewe."

"Iitwe Elisante," alisema Namsifu.

"Mama, pole, lakini kata si kaburi," alisema Mwalimu. "Tuiite Umoja."

"Umoja ziko ngapi nchi hii, Mwalimu?" Mzee Mbonea alicheka. "Iitwe Masale. Bila mimi mngechorewa kata katikati ya mto."

"Na bila hesabu yangu, Mzee, ungebaki na ramani ya mbuzi."

"Na bila mimi," alisema Namsifu, "yote mawili yangeliwa na mende."

Na kila mmoja alisema kweli. Namsifu alijaribu kuomba, maneno yakagoma. Aliwaona watoto wa kesho wakilitamka jina la mumewe bila kumjua, na bado alilitaka.

Ofisa akatazama saa, akaiweka kalamu mezani katikati yao.

Je, wewe ungempa nani kalamu? Na ukimpa Namsifu, umemlipa kwa alichofanya, au kwa alichopoteza?