Mwenye Daftari la Maneno Magumu

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haina jibu, na sitaki mtu akalitafute humo simuni halafu aje kutuambia kamaliza.

Pale Tukuyu, mji wa mvua na migomba, walikuwako watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho kikiwa peke yake hakikumfaa kitu.

Wa kwanza ni Mzee Mwaisumo. Miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama, na Kiingereza alikijua nje ndani. Mahakimu walikuja na kuondoka, wengine hata hukumu haikuwanyookea, yeye akawaandikia, wao wakatia sahihi. Alipostaafu, macho yakaingia ukungu. Mwanawe alimtumia magazeti ya Kiingereza kila wiki kwa basi kutoka Dar es Salaam, hakuwa na habari kwamba baba haoni. Mzee aliyapokea, akayanusa, akayapanga chini ya kitanda.

Wa pili ni Lusajo, mtafsiri wa filamu. Watu hawa mnawajua: filamu inaonyeshwa kwenye kibanda cha video, yeye anashika kipaza sauti na kusema kwa Kiswahili yale wanayoyasema waigizaji. Lusajo alikuwa na sauti. Akilia, kibanda kizima kinatoa leso. Shida ni kwamba Kiingereza kilimpiga chenga, na pale asipoelewa alijaza la kwake. Siku moja alitafsiri msiba mzima kama kikao cha harusi, mjane akawa mwenyekiti wa kamati. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma akasimama: "Huyo mama amefiwa, wewe mwongo!" Tangu hapo akaitwa Lusajo Mwongo, hata na watoto wa shule.

Wa tatu ni Tusajigwe, mchuma chai, na hadithi hii tutakaa upande wake, maana ndiye aliyebaki na kalamu. Alilosikia mara moja halikumtoka, na jambo gumu likipita kichwani mwake lilitoka jepesi. Lakini shuleni alikaririshwa Kiingereza bila kueleweshwa, na mtihani wa kidato cha nne ukamwangusha. Kila alipoomba kazi ya mezani aliulizwa maswali kwa lugha hiyo, akabaki kutabasamu kama bwege, akarudi shambani na vidole vyake vyeusi.

Tusajigwe alikuwa jirani wa Mzee. Jioni moja alimkuta ameshika gazeti, kalipakata tu.

"Shikamoo, babu. Nikusomee?"

"Marahaba. Unakielewa?"

"Hapana. Lakini kukitamka nitakitamka."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Basi ikawa hivyo: asiyeelewa anamsomea asiyeona. Habari ya mafuriko ikaleta neno *aftermath*, na Mzee akasema, "Hayo siyo maji yenyewe. Ni kesho yake: magodoro juani, na mtu anatafuta kiatu cha pili." Habari ya kiwanda kimoja cha ng'ambo kupunguza watu ikaleta *redundant*. "Huyo hana kosa," Mzee akaeleza. "Hakuiba, hakuchelewa. Anaambiwa tu kwamba hata asipokuwepo kazi itakwenda." Tusajigwe alifikiria kidogo, akasema, "Ni kikombe cha baba. Baba kazikwa, nasi bado tunakiosha."

Ukurasa wa nyuma ulikuwa na uhakiki wa filamu. "Ruka," Mzee akaamuru. "Huo upuuzi siujui, sijawahi kuingia kwenye vibanda hivyo." Na kweli, hapo elimu yake ilifika mwisho. Mhakiki anasema filamu ni *tedious*, ni *mediocre*; Mzee alijua maana ya kamusini, lakini ladha yake hakuijua.

Tusajigwe akaukata ukurasa huo, akampelekea Lusajo pamoja na zile maana za kamusini. Lusajo akasoma jina la filamu, macho yakamtoka. "Dada Tusa, hii nimeitafsiri mara kumi!" Filamu aliijua pumzi kwa pumzi; kilichokuwa kinampotea ni maneno, na sasa mhakiki amempa. *Tedious* akaielewa palepale, kwa sababu alikumbuka ni dakika ipi watu huanza kupiga miayo. *Mediocre* akaieleza hivi: "Siyo mbaya. Ndiyo kasoro yake. Siyo mbaya, siyo nzuri, ukifika nyumbani huna la kumsimulia mtu." Akaacha kujaza vya kwake. Ule msiba akautafsiri upya, vilevile ulivyo, na kibanda kizima kikalia.

Ndipo likazaliwa daftari. Kila siku maneno matano ya habari, matano ya filamu. Mzee anatoa maana, Lusajo anatoa tukio na sauti, Tusajigwe anatafuta mfano wa hapahapa Tukuyu na kuandika. Alasiri, kabla filamu haijaanza, maneno kumi yanaandikwa ubaoni kibandani, Mzee amekaa kiti cha mbele. Wakaja wanafunzi wa sekondari, wakaja waongoza watalii, akaja hata yule mwalimu wa siku ile, safari hii na kalamu. Kwa miezi minane sikumbuki watu watatu waliopendana kama wale.

Kisha akaja Bi. Nsia.

Bi. Nsia alikuwa mtayarishaji wa vipindi wa redio moja ya Mbeya. Alikuwa amesikia sifa. Alikaa kibandani siku nzima ya Jumanne, akalipekua daftari lote, akalifunga taratibu.

"Nataka kipindi hiki kila asubuhi," akasema. "Nafasi ya mwalimu wa redio ni moja, mkataba ni wa mtu mmoja, jina ni moja. Sasa niambieni. Mwenye daftari ni nani?"

"Mimi," akasema Mzee.

"Mimi," akasema Lusajo.

"Mimi," akasema Tusajigwe.

Walisema pamoja, na aibu ikawashika wote pamoja. Lakini hakuna aliyelirudisha neno lake.

Mzee ndiye aliyeanza. "Mama, daftari bila maana ni karatasi. Mimi nimeandika hukumu za watu miaka thelathini, na jina langu halipo hata kwenye moja. Nina miaka sabini na mmoja. Nataka kulisikia jina langu likitajwa na mtu nisiyemjua, kabla sijafa."

"Maana zipo vitabuni tangu zamani," akadakia Lusajo. "Nani alizisoma? Watu walikuja kwa sauti hii. Na hiyo kazi ni ya redio, mama, ni ya sauti. Mji mzima unaniita mwongo. Nipe niseme kweli watu wasikie."

Tusajigwe akalivuta daftari kwake. "Mlikuwa na vyenu, na vilikuwa vimelala. Babu ana magazeti chini ya kitanda, kaka ana filamu asizozielewa. Nani alitembea kati yenu? Nani aliandika? Mkinikosesha hii, mimi nazeekea shambani. Hamlijui hilo?"

Bi. Nsia akatoa fomu. "Malizaneni wenyewe. Yenye majina mawili naichana, wakubwa wangu hawataki ubia. Ijumaa saa sita nitakuwa posta. Nisipoipata, nafasi inakwenda kwa mtu wa mji mwingine." Akampa Tusajigwe, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, akaondoka.

Wangenyamaza hapo, labda wangepona. Hawakunyamaza. Na mnajua walichotumia kupigana? Maneno yale yale waliyofundishana.

"Siku hizi kamusi imo kwenye simu," Lusajo akamwambia Mzee. "Samahani, mzee wangu, lakini wewe ni *redundant*."

"Nawe ni *mediocre*," Mzee akajibu, hakupandisha hata sauti. "Siyo mbaya, siyo mzuri. Ulinifafanulia mwenyewe."

"Babu, kaka, basi," akasema Tusajigwe.

Mzee akamgeukia kwa macho yake ya ukungu. "Wewe usiingilie. Sisi tulikuwa tunasema, wewe unaandika. Wewe ni karani tu, mwanangu."

Damu ikampanda Tusajigwe. "Na wewe ulikuwa nani, babu?"

Mimi ningetoa chochote neno lile lisitoke. Mzee alipapasa fimbo yake, akaikosa, na hakuna kati ya wale wawili aliyemwokotea. Akaenda bila fimbo, akishika kuta.

Jumatano gazeti likafika kwa basi. Tusajigwe hakwenda kusoma. Akiwa uani kwake alimwona Mzee barazani, gazeti limefunguliwa magotini, juu chini. Akageuza uso akaendelea kufua.

Alhamisi alipita kibandani. Lusajo alikuwa ameweka ile filamu ya msiba na kipaza sauti hakukishika. Waigizaji walisema Kiingereza chao, watu wakanyanyuka mmojammoja, na yeye akakaa kwenye benchi la nyuma kama mteja aliyelipa.

Ijumaa Tusajigwe aliomba ruhusa shambani. Sasa yuko posta, saa sita kasoro dakika tano, fomu iko juu ya meza ya mbao, na Bi. Nsia anatazama saa yake. Mstari wa jina hauna urefu hata wa shubiri.

Akiandika jina lake, hatadanganya. Kila ukurasa ni mkono wake, na hii ndiyo njia pekee aliyopata ya kutoka shambani. Lakini ni nani atakayemwambia maana ya neno jipya asubuhi ya kwanza?

Akiandika la Mzee, atamlipa mtu aliyeandikia wengine maisha yake yote. Lakini Mzee haoni. Ni nani atakayemsomea habari, kama siyo karani yuleyule?

Akiandika la Lusajo, redio itapata sauti na mji utaacha kumwita mwongo. Lakini sauti bila maana ilishawahi kugeuza msiba kuwa harusi.

Na wewe unayenong'ona hapo nyuma, nakusikia. Unataka kusema aandike lake, halafu wagawane. Nani atagawana na nani? Tangu Jumanne hawasalimiani. Na wewe unayesema aichane fomu ili wote wakose, wawe sawa, nakuuliza: kukosa wote kumewahi kumrudisha rafiki wa nani?

Bi. Nsia amenyoosha mkono. "Dada, umeandika?"

Kutoka posta kurudi kwa Tusajigwe njia ni moja tu. Inapita mbele ya kibanda cha Lusajo, kisha inapita barazani kwa Mzee Mwaisumo, na Mzee anaijua hatua yake hata bila macho. Atauliza, "Umemwandika nani?"

Je, wewe ungeamua vipi? Na barazani pale ungesimama, au ungeongeza mwendo?