Tetea wa Nyamvula

Hapo zamani, bibi yangu angali akipepeta mpunga nasi tukiokota chenga miguuni pake, alitupa kisa hiki. Sauti yake naisikia hata sasa.

Nyamvula alikuwa na kuku, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kuku akitaga, mwewe anashuka. Akitaga tena, mwewe anashuka tena. Kuku akawa mwoga, hata kula hali. Mayai yakatoka laini, hayana ganda.

Shoga yake wa jirani, Mesalimu, akasema, "Huyu ana njaa ya mifupa." Akawa anatwanga maganda ya chaza, anamlisha. Mayai yakawa magumu.

Siku moja mwewe akaondoka na kuku mwenyewe. Nyamvula akayabeba mayai yaliyobaki mpaka kwa Mwanatumu, ambaye kuku wake alikuwa akiatamia.

"Shoga, madogo hivi, haya mayai au zambarau?" Mwanatumu akacheka. Lakini akayapokea. Mvua zikapiga, baridi ikauma. Akamhamishia kuku chumbani, karibu na makaa. Mumewe akanung'unika, "Nilioa mke, nimeletewa banda!"

Vifaranga wakaanguliwa. Wadogo, lo! Lakini kivuli kikipita, kabla kuku mlezi hajawaita, wao wamekwisha kujibanza majanini.

Mwaka ule ugonjwa wa kideri ukamaliza kuku wakubwa, mwewe akamaliza wadogo. Kijiji kizima kikabaki na tetea mmoja, wa mayai yale, bingwa wa kujificha.

Nyamvula naye akaitwa na mumewe wahamie shamba la mbali. Akaja kwa Mwanatumu na tenga, amchukue tetea.

"Weka chini!" akasema Mwanatumu. "Bila joto la chumba changu, huyu angekuwa yai viza."

"Na hilo yai lingekuwepo?" akadakia Mesalimu, aliyekuja naye kuaga. "Ganda lake limetoka kwenye kinu changu. Mifupa yake ni jasho langu."

Nyamvula machozi yakamtoka. "Shoga zangu, kilichomwokoa ni woga, na woga ule ni wa mama yake. Alizaliwa nao. Nami sina kingine cha mama yangu."

Kivuli kikapita juu. Tetea akajibanza palepale katikati yao, hakumkimbilia yeyote.

Bibi akakiacha kisa hapo, akautikisa ungo wake. Mimi nami sasa nimezeeka, jibu sijalipata. Haya wajukuu zangu, nyie mnaojua kubishana: je, nani alistahili kuondoka na tetea?