Lori Lililosuguliwa Kabla ya Fundi

Aendaye kwa fundi hafuti mafuta. Mmenisikia nikisema hivyo mkatazamana, kisha mkauliza nimeiokota wapi. Haya, kaeni, na wewe mwenye simu iweke chini. Methali hii ilizaliwa Uyole, kwenye lori la viazi la Asajile.

Lilikuwa lori la zamani, lile lenye pua mbele, na lilikuwa limechoka kuvuta. Likipanda mlima linakohoa moshi, pikipiki zinalipita. Asajile akahangaika hadi akapata miadi kwa Mwakyoma, fundi wa kuseti injini ambaye madereva walitoka mbali kumfuata.

Mkewe, Tupokigwe, alifurahi, halafu hofu ikamwingia. Kwao mtoto hapelekwi kwa mganga kabla hajaogeshwa, na mgeni haingii nyumba isiyofagiwa. Sasa fundi mkubwa vile afungue boneti akutane na tope la mafuta? Si watauliza huyu mwanamume ameoa nini?

Basi asubuhi ya miadi, Asajile alipokwenda kununua chujio jipya la dizeli, Tupokigwe akachukua mafuta ya taa, brashi na matambara, akaivamia injini. Akakwangua, akasugua, akasuuza. Sehemu moja tu ilimsumbua, juu ya bomba la moshi: tambara lilitoka limelowa, linanuka dizeli. Hapo ndipo alipokazana kuliko kwingine, mpaka pakang'aa.

Asajile aliporudi alisimama akashangaa. "Mama Lugano, hili ni lori au bibi harusi?"

"Twende, baba Lugano. Leo hatuaibiki."

Kweli hawakuaibika. Pale gereji, mafundi na madereva wakitazama, Mwakyoma alifungua boneti akacheka. "Shemeji, hapa hata ugali unaandaliwa."

Akamulika huku na huku, akakuta pakavu kila mahali. Akawasha injini, akaisikiliza ikinguruma taratibu, akazima.

"Haina ugonjwa," akasema. "Ina njaa. Nitaiongezea dizeli, pampu isukume kwa nguvu. Kesho utapanda mlima unaimba."

Asajile akatabasamu. Viazi vya kwenda Dar vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia, vinamngoja.

Tupokigwe, aliyekuwa amekaa juu ya tairi bovu, hakutabasamu. Dizeli isukumwe kwa nguvu. Akalikumbuka lile tambara. Moyo ukamwambia nyamaza, utamtia mumeo aibu mbele ya wanaume wote hawa. Mwakyoma alikuwa ameshainama na spana.

"Fundi," akasema, "dizeli ikidondokea bomba la moshi likiwa la moto, inakuwaje?"

"Inawaka. Kwa nini?"

"Basi usiongeze kwanza."

"Mama Lugano, mwache fundi afanye kazi," Asajile akanong'ona.

"Nitamwacha, baba Lugano, nikijua utarudi nyumbani." Akasimama, akaonyesha kwa kidole. "Pale. Palikuwa pamelowa dizeli. Nilipafuta mimi."

Mwakyoma akaweka spana chini. Safari hii hakucheka. "Shemeji, umeniletea mgonjwa, umemziba mdomo."

Akaagiza ndoo ya mchanga iwekwe karibu, akaiwasha injini, akaikanyagia mpaka ikanguruma kama iko mlimani. Wote wakatazama pale kidole kilipoelekea. Kwanza hapakuonekana kitu. Kisha kwenye kibomba chembamba cha dizeli likatokea tone, likavimba, likafuatwa na jingine. Akazima haraka.

"Ona ufa huo," akamwambia Asajile. "Kama unywele. Ningeongeza nguvu leo, kesho ungefunguka katikati ya mlima, nawe umekaa nyuma ya moto."

Asajile alimtazama mkewe, akaenda kumpangusia vumbi la tairi kwenye kitenge.

Kibomba kikabadilishwa, ndipo injini ikasetiwa. Siku ya safari Tupokigwe alisimama barabarani akalitazama lori likipanda na mzigo wake, nyuma yake hewa safi, mpaka likapotea kileleni. Na kwenye gereji ile, dereva yeyote aliyekuja na injini inayong'aa aliulizwa kwanza: kabla hujaosha palikuwaje?

Kwa hiyo, wanangu, nawaonya mapema. Penye maumivu semeni panauma, na penye kosa semeni mmekosa, iwe kwa daktari, kwa mwalimu, au kwangu mimi mama yenu. Njooni na tope lenu lote. Kuoga kupo, lakini baadaye. Aendaye kwa fundi hafuti mafuta.